Saa Iliyomkataa Baba Mkubwa

Endabash

Baba,

Saa yako inatembea. Nimeivaa ninapoandika, inanichezacheza mkononi kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeiulizia kwanza, hata kabla ya mama. Mama yupo. Baba Mkubwa hayupo, tumemzika juzi, na hasira niliyo nayo nimekuletea wewe.

Kule kreta ulikokuwa ukiongoza watalii, wageni wamekuwa adimu tangu mpaka wa Kenya ufungwe, na wenzako wengi wamerudi jembeni. Unamkumbuka yule mzee wa Kijapani uliyemwongoza msimu mzima akichora ndege? Siku ya kuondoka aliivua saa hii mkononi mwake akakuvisha, kioo kikiwa kimeshachubuka. Ulituonyesha nambari iliyochongwa mgongoni, ukasema kwao zilitengenezwa chache tu, za wakubwa, na sasa moja inalima mahindi Endabash. Tulicheka. Mimi ulinieleza tukienda kisimani kwamba haitiwi ufunguo. Chakula chake ni mwendo wa mkono. Mkono ukilala, nayo inalala.

Wengine uliwatania. Kila aliyeomba kuijaribu kilabuni ulimjibu, "Saa hii haimkubali kila mtu." Kwa nini hukuwaambia ukweli, Baba? Maneno ya mtu akiwa hai ni mzaha, akifa yanakuwa wosia.

Siku ya kumaliza matanga yako, tulipokwisha kunyolewa, wazee walimvisha Baba Mkubwa koti lako, wakampa fimbo na saa, awe mrithi wako na mlinzi wetu. Saa wakaifunga mkono wa kushoto, ulipoivaa wewe. Mkono ule ule uliopooza tangu augue kiharusi, unaoshinda umelala pajani. Baada ya muda ikasimama. Wakaitikisa, ikatembea kidogo, ikasimama tena. Mzee mmoja akatema mate akasema, "Marehemu amekataa. Si alisema mwenyewe?" Basi, ikawa hivyo.

Nilisema kwamba imelala kwa sababu mkono umelala. Nikaambiwa binti haingilii mambo ya ukoo. Nikamfuata Baba Mkubwa peke yake, nikamwomba aihamishie mkono wa kulia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Una huruma, mwanangu. Unanifariji tu." Nikaivaa mimi, nikaenda kuteka maji, nikarudi nayo ikitembea, nikamwekea sikioni. Nilidhani nimeshinda. Alisikiliza mpaka machozi yakamtoka. "Unaona? Wewe amekukubali. Ni mimi asiyenitaka."

Hakuigusa tena, ikabaki kwangu. Koti alilivua, akalikunja vizuri, akamrudishia mama. Urithi wakampa Baba Mdogo, na huyo unamjua: maksai wa kulimia wameshauzwa, na mama anaomba ruhusa hata ya kwenda kanisani. Baba Mkubwa alibaki akikaa nje, ameelekea milima ya kreta, chakula anakirudisha kama kilivyokuja. Huyo ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ya Karatu ulipong'atwa na nyoka. Kila nilipompelekea uji aliniuliza swali moja tu: "Nilimkosea nini mdogo wangu?" Masika yalipoanza, akatutoka. Nimelia kuliko nilivyokulilia wewe, unisamehe.

Saa nitaendelea kuivaa, na nimeihamishia mkono wa kulia makusudi, wenye macho waone. Nakuahidi kila atakayeiuliza nitamweleza inavyokula, hata akiwa mlevi wa kilabuni, na sitaifanyia mzaha hata kidogo.

Nenda salama, Baba. Nakupenda, ila leo siwezi kucheka nawe. Baba Mkubwa yuko njiani anakuja huko, na ninavyomjua atasimama mbali, ataogopa kukusogelea. Mfuate wewe. Usianze na salamu. Mwambie kwanza kwamba ulikuwa unatania.

Binti yako,
Paskalina