Mrija wa Mchungaji

Mutanga Sud, 11 Machi 2024

Dada Laure,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Ruziba. Mgongo wa mama mdogo Daphrose unaendeleaje? Sisi wazima, watoto tu wanakohoa kwa mvua hizi.

Ofisini bado tunasherehekea. Valéry ametamka mbele ya bashingantahe, wazee waamuzi wa kijiji, kwamba mama mdogo atabaki katika shamba alilouziwa na baba yake Valéry, na Valéry mwenyewe baa yake ataijenga ng'ambo ya michikichi. Ni ushindi wa kwanza wa Ofisi ya Haki tangu Sinodi iianzishe.

Unanilaumu eti niliwaaibisha wazee kwa kukataa mtungi wao wa pombe ya kufunga neno. Sijutii. Kanisa linalotetea wanyonge halinusi pombe. Niliomba, nikagawa Fanta, yakaisha. Umlete mama mdogo Jumapili ya tarehe 24 atoe ushuhuda. Tunamshonea kitenge cha sare.

Kaka yako,
Herménégilde


Ruziba, 2 Aprili 2024

Kaka,

Nakusalimu. Simu yako hupokelewa na katibu, ndiyo maana naandika. Watoto wameacha kukohoa? Mgongo wa mama mdogo haujapona, na kitenge chako kimembana kwapani.

Jana Valéry alileta vijana wakapigilia vigingi katikati ya mahindi mpaka mlango wa jiko. Nikamfuata.

"Valéry, si ulisema mbele ya wazee?"

"Nilisema, dada. Lakini nani alikunywa? Mutu wenu alikataa mutungi. Maneno bila mutungi ni upepo. Mi sikufungwa na Fanta."

Nikaenda kwa mzee Radjabu, mkubwa wa bashingantahe, nikidhani ataniambia Valéry ni mwongo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mi ni Mwislamu, binti yangu. Miaka yote hii sijaonja pombe hata tone. Wananipa mrija, naupokea, namupa jirani anakunywa kwa jina langu. Pasteri hakuombwa kulewa. Aliombwa kunyoosha mukono."

Umesikia, kaka? Kunyoosha mkono. Wewe ulirudisha wako nyuma kama umepewa nyoka, ukawahubiria wazee kuhusu ulevi nusu saa nzima. Mimi nilikuwepo, nikaona aibu.

Valéry anawaogopa wazee, kwa hiyo amekubali mtungi upikwe tena, Jumamosi tarehe 13. Lazima uje wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemsemea mama mdogo. Pokea mrija, unipe mimi. Nitakunywa kwa jina lako na Sinodi yako haitanuka kitu.

Dada yako,
Laure


Mutanga Sud, 9 Aprili 2024

Dada Laure,

Amani ya Bwana. Watoto wamepona, tunashukuru. Mpe pole mama mdogo.

Jumamosi hiyo nafungua semina kuhusu haki za wajane kwenye ardhi. Wafadhili wanakuja. Pia fikiria: mtu akinipiga picha na mrija mkononi, nani atauliza kama nilikunywa? Kazi yote ya Ofisi itachafuka kwa sababu ya shamba moja. Na haki haiombwi mtungini, dada. Tutakuwa tunawaunga mkono wapagani.

Sijamtupa mama mdogo. Bonfils, dereva wetu, ataleta kreti tatu za Fanta na Tamko rasmi la Ofisi, lenye mhuri. Lisomwe mbele ya wazee.

Kaka yako,
Herménégilde


Ruziba, 16 Aprili 2024

Kaka,

Salamu. Wafadhili walikula vizuri?

Wazee walikaa tangu asubuhi, mtungi katikati. Mrija mmoja uliwekwa kando, wako. Kila gari lililopita barabarani, mama mdogo alisimama. Mwishowe akafika Bonfils na kreti zake. Akasoma Tamko lako, kurasa nne, Kifaransa kitupu. Valéry alipiga makofi.

"Pasteri wenu anaandika vizuri sana! Angekuja, ningeshindwa."

Mzee Radjabu hakucheka safari hii. Alisema: "Aliyemusemea mutu akikosa kufika, neno lake limekufa." Wakaondoka. Fanta walibeba vijana wa Valéry.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, mahindi yalifyekwa na jiko likabomolewa. Alichookoa mama mdogo ni sufuria mbili, godoro na kitenge chako. Analala kwangu. Usiku wa kwanza aliniuliza kwa nini hukuja. Nikamwambia ulikuwa na homa kali. Sikukuhurumia wewe; nilimhurumia yeye. Sasa anakuombea asubuhi na jioni, kwa magoti, na mgongo ule.

Ndani ya bahasha utakuta mrija wako. Haujaloa.

Laure


Mutanga Sud, 6 Mei 2024

Dada Laure,

Amani ya Bwana. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Nairobi kwenye mkutano wa makanisa, nikaeleza habari za mama mdogo. Watu walilia. Wanaomba picha yake, ikiwezekana akiwa amesimama pale jiko lilipokuwa, amevaa kitenge.

Katibu alikuta kijiti ndani ya bahasha yako, akakitupa. Natumaini hakikuwa kitu cha maana.

Umefanya vizuri kumweleza vile. Mwambie namshukuru kwa maombi yake, na homa imeshuka.

Kaka yako,
Herménégilde