Uchochoro wa Sentimita Sitini

Mpendwa Shangazi,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo wakubwa wa mgodi wataamua kuuziba uchochoro wetu chini ya ardhi, na mwenye kosa ni mimi.

Ninachoronga miamba, yaani kuitoboa kwa mashine, hapa Shurugwi huu mwaka wa kumi na tisa. Mshipa wetu wa dhahabu una upana wa shubiri moja tu, nasi huufuata kwa uchochoro wa sentimita sitini, mtu amelala ubavu na mashine kifuani, kwa sababu kila sentimita unayozidisha ni mawe matupu yanayopanda juu pamoja na dhahabu. Kuta zangu zilinyooka hata wageni wa ofisini wakawa wanaletwa kuzitazama, na nasema bila haya kwamba hapa hakuna aliyenifikia. Lakini mke wangu anajua kupika sadza, ugali wetu, na mboga za karanga, mwili ukaongezeka, na tarehe 6 Februari nilikwama kiunoni, ikabidi msaidizi wangu Chiedza anivute miguu. Akaniuliza, "Mhofu, mwamba umesinyaa?" Sikucheka. Tangu hapo nachoronga kwa kujipima mimi mwenyewe, kwanza sabini, sasa themanini na tano, na shajara yangu inasema hivyo kwa kila tarehe, ila kwenye ripoti ya ofisini naandika sitini. Mawe yaliyotoa gramu kumi na nane kwa tani sasa yanatoa kumi na mbili, mtaalamu wa miamba anasema mshipa unakufa, na wenzangu saba watatawanywa. Nikisema ukweli, jina langu limekwisha. Nifanyeje?

Mhofu, Shurugwi

Mhofu,

Nimecheka, kisha nikakasirika. Baba yangu alichimba mishipa kama huo wenu, najua fahari unayoisema, nami sitaidharau. Kunenepa si dhambi, mshukuru mkeo. Dhambi ni kuuacha mshipa mzima uitwe maiti ili watu wasilione tumbo lako.

Nawe unadhani ufundi wako uko kiunoni? Miaka kumi na tisa umeusikiliza mwamba ukilia chini ya mashine, ukajua mshipa ulipopinda kabla hujauona. Hayo hayanenepi. Na huyo Chiedza umemtaja kwa mistari miwili tu, ilhali mtu aliyekufuata hadi miguuni ulipokwama anaenea kwenye sentimita sitini. Ulijua, ukanyamaza, kwa kuwa hutaki kuiachia mashine.

Usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi mpelekee msimamizi wako shajara, umsomee tarehe zote, pamoja na zile sitini za uongo. Adhabu utapewa, ipokee. Kisha omba mambo mawili: wapime mawe ya mshipa peke yake kabla ya kuziba, na Chiedza achoronge sitini huku wewe ukiwa nyuma yake unamwelekeza.

Wakikubali, mkabidhi mashine kwa mkono wako, mbele ya wote saba, na umwambie kwa sauti kwamba sasa kuta ni zake.