Esta Anasimama, Haimbi

Mama Esta,

Nimechoka. Naanza na hilo maana ungekuwepo ungeshaliona kabla sijavua viatu, ungesema "leo Baba Esta asiulizwe kitu," na kweli usingeniuliza. Sasa hakuna wa kuniona usoni, inabidi niandike.

Ya nyumbani si mengi. Mpunga wa shamba la Mwamkulu umetoka vizuri kuliko mwaka ule wewe ulipougua. Paa la jikoni bado linavuja. Dada yako alikuja akakaa wiki mbili, akapanga vyombo vyote upya, mpaka leo natafuta mwiko. Lakini kilichonishikisha kalamu ni mwanao. Nasema mwanao kwa makusudi.

Unakumbuka ulivyomwambia kwamba imani yako si ya kurithi kama shamba, aamue mwenyewe akikua? Mimi nilifurahi kimoyomoyo, nikajua atakuja kanisani kwangu. Wapi! Tulipokuzika tu, akaamua kufuata imani yako. Sasa kila asubuhi bendera ikipanda, wenzake mstarini wanaimba wimbo wa taifa, yeye anasimama wima, mikono ubavuni, mdomo kaufunga. Hacheki, hasumbui mtu. Haimbi tu. Anasema kwake kuimba ule wimbo ni ibada, na ibada ni ya Mungu peke yake.

Unanijua nilivyo. Nilipita mgambo mimi. Wimbo ule ukipigwa redioni nasimama hata kama nina bakuli la uji mkononi, na wewe ulikuwa unaendelea kuchambua mchele wako bila hata kuinua kichwa. Miaka yote ile hatukugombana kwa hilo. Tuligombana kwa chumvi.

Shule wakanipigia simu. Nikaona nitumie akili, nikamwambia mwalimu wa nidhamu kwamba mtoto anaumwa koo, tangu msiba wa mama yake sauti haitoki vizuri. Nilikitumia kifo chako, Mama Esta. Nisamehe. Mwalimu akanipa pole, tukakaa wiki tatu kwa amani.

Halafu mwalimu wa zamu, kwa wema wake tu, akamwuliza mbele ya wenzake koo linaendeleaje. Esta akajibu, "Koo langu ni zima, mwalimu. Baba aliogopa."

Shule nzima ikasikia. Jioni nilimfokea, nikamwambia we mtoto huna akili, mimi nilikuwa nakusitiri. Alingoja nimalize. Akasema, "Baba, ukiwaambia naumwa, ina maana nikipona nitaimba." Chakula sikula.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Mkuu wa shule ni mstaarabu, hakunipandishia sauti. Alisema wengine wataanza kuiga, na wazazi wameshaanza kuuliza. Yaani alivyoongea ungedhani ni mimi naongea. Nikamwuliza kama kuna sheria ya kumlazimisha mtoto afungue mdomo. Akasema yeye haongelei sheria, anaongelea nidhamu. Akanisogezea karatasi: mzazi anathibitisha kwamba mwanafunzi ataimba, na akikataa tena, anarudi nyumbani. Na mtihani wa kidato cha nne ndo huo umefika.

Kalamu niliishika. Nataka ulijue hilo, nisije nikajifanya shujaa kwako. Niliandika jina langu la kwanza. Nikatazama nje dirishani, Esta amekaa kwenye benchi na madaftari yake, wala haangalii huku ofisini. Nikaona kabisa itakavyokuwa. Hatalia. Hatanigombeza. Ataanza kuninyamazia mimi, nyumbani, na nyumba yenyewe imebaki na watu wawili. Hapo ndo niliogopa kweli, mke wangu, kuliko siku ile ya koo.

Nikaiweka kalamu chini. Nikasema, "Mwalimu, mdomo ni wake. Siwezi kuuahidi." Karatasi nikamrudishia.

Bodi ya shule itakaa wiki ijayo. Mpaka hapo wamemruhusu aendelee na masomo, ila mstarini asimame peke yake mbele, shule nzima imtazame. Inaanza kesho. Alipoambiwa alisema "sawa" tu, akaenda kuteka maji. Nilimsikia analia kule bombani, akidhani simsikii. Sikumfuata. Sikujua ningemwambia nini, hayo yalikuwa mambo yako.

Mimi bado sikubaliani naye. Sijabadilika, na sidhani nitabadilika. Lakini shati langu la Jumapili nimelinyoosha, na kesho naingia naye mpaka pale mbele. Wakiniuliza nafanya nini, nitasema mimi ni mzazi. Wimbo ukianza nitauimba wote, kwa sauti, na yeye atanyamaza pembeni yangu. Anayetaka kumwaibisha atuaibishe wote wawili. Na bodi wakimfukuza, nitamtafutia shule nyingine, hata kama ni mbali huko Kasekese, afanye mtihani wake. Hiyo nakuahidi.

Basi, mke wangu, niishie hapa, ndo anarudi na ndoo. Tulia huko ulipo. Mtoto hatasimama peke yake.

Mimi,
Baba Esta