Mashine ya moshi chini ya mteremko

Jumanne.

Bukoba nzima hakuna dereva mwenye bahati kama mimi! Wameweka mashine ya kupima moshi wa magari chini ya mteremko, unapita tu inakupima, na pikapu yangu kuukuu imepita safi. Mkaguzi akashangaa: "Bosi, unaendesha kwa maji?"

Jirani yangu Ma Adventina, niliyempa lifti bure na ndizi zake, hakucheka. Aliposhuka Hamugembe akasema, "Mwanangu, nilikuona unakanyaga breki kwa miguu yote miwili."

Kesho namletea wajukuu zake kutoka Kishanda, njia hiyo hiyo. Nilishaahidi. Nikipita injini ikiunguruma, watanikamata. Nikirudia ya leo...

Bahati gani! Nilizima injini mteremkoni ili moshi usitoke, na breki zikagoma.