Moto Wangu wa Kwanza, Gatuanyaga

Wambui wangu,

Sasa huko Nakuru? Kabla mama akuambie nimeharibu maisha, wacha nikuambie mwenyewe. Pale kwa kampuni yetu ya mafuta na gesi, nimetoka idara ya michoro na kuingia idara ya kuwasha mitambo. Ndiyo, nimeacha ofisi ya Ruiru na AC yake na maandazi ya saa nne.

Leo tumekuja Gatuanyaga, huku nje ya Thika, kuwasha gesi kwa jikoni ya shule ya bweni. Vumbi limeingia mpaka masikioni. Wapishi wamezoea kuni, kwa hivyo nilipofungua valvu wote walikuwa wamekimbilia nyuma ya tangi la maji. Nikasogeza kiberiti. Kisha pu! Moto wa buluu ukazunguka jiko lote. Ngai! Miaka miwili nimechora mabomba, Wambui, na sikuwa nimewahi kuona moto wake hata mara moja.

Mpishi mkuu, Mama Nyokabi, akaingia polepole, akapika uji, akanipa kikombe cha kwanza.

"Kunywa wewe," akasema. "Tukiona uko sawa, watoto watakunywa."

Nikanywa, wote wakiniangalia koo. Nilipoitisha cha pili, ndipo wakacheka na kuingia.

Wakumbatie watoto wako kwa niaba yangu. Na tafadhali mwambie mama aache kuniombea nirudishwe ofisini. Mungu anaweza kumsikia.

Ni mimi wako,
Njeri