Mashine Niliyoisikiliza kwa Meno

Karakana ya Mzee Tupa,
Chumba cha mwisho, uchochoro wa mafundi.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mwanangu Kidole,

Hujambo mama? Mumeo hajambo? Na hao wajukuu zangu bado wanapanda juu ya makabati? Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, ingawa ninyi wauguzi kukaa hamjui. Sisi huku wazima, ila ni uzima wa kuchoka. Mama yako mkubwa goti linamsumbua kukiwa na baridi. Mimi ni mabega. Lakini tunakula, tunalala, tunagombana vizuri, kwa hiyo usitie wasiwasi.

Mwandiko utauvumilia. Shule niliiacha njiani, na kalamu naishika kama spana. Kwenye simu sikusikii, nabaki kusema ndiyo, ndiyo, hata ukiniuliza jina langu.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba chumba cha uani kiko tayari, nifunge karakana tuje tupumzike kwako. Nitakujibu. Ila kwanza sikia habari ya mashine, maana bila hiyo jibu langu hutalielewa.

Nimenunua mashine ya kuchonga vyuma. Si mpya. Ilikuwa ya fundi mmoja aliyeacha kazi, imelala miaka chini ya turubai na kuku wametagia juu yake. Hapa uchochoroni walinicheka, wakasema mzee kajinunulia jeneza la chuma. Nikawaambia ng'ombe hazeeki maini. Nikaikwangua kutu, nikaipaka mafuta, nikaiunga na umeme, ikazunguka siku hiyo hiyo. Nani mwingine hapa angeweza? Nitajie mmoja. Hayupo.

Shida ikawa kelele. Masikio yangu unayajua, nyundo zimeyala, kwa hiyo mimi niliona inazunguka vizuri tu. Kumbe mtaa mzima umeshika kichwa. Fundi wa kuchomelea wa mlango wa pili akaja kunipigia ukelele sikioni, "Mzee Tupa, unasaga kokoto humo ndani?" Na nyuma ya ukuta wangu anakaa mama kijana aliyejifungua juzijuzi. Kila nikiwasha, mtoto anashtuka. Alikuja na mtoto begani, wala hakugomba. Alisimama tu mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Afadhali angenitukana.

Kisha akaja mama mwenye nyumba, na huyo hazunguki mbuyu. "Baba, mwisho wa mwezi iwe imenyamaza. La sivyo itoke." Sasa itoke iende wapi? Chumba kingine sina, na kuiingiza tu humo kulitaka kundi zima la wanaume na magogo ya kuiviringishia. Ile mashine ndiyo karakana yote siku hizi. Ikitoka, nami nimetoka.

Nikaanza kuutafuta ugonjwa. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukinikuta nimeuma kijiti, ncha ya pili nimeiegemeza kwenye mashine? Ukakimbia kumwambia mama yako mkubwa kwamba baba mkubwa anakula mashine. Basi ndiyo njia yangu. Fundi asiye na masikio husikiliza kwa meno. Mtikisiko unapita kwenye kijiti, unaingia kwenye taya, na taya linakwambia palipooza. Njia hiyo haikuwahi kunidanganya.

Nikauma kijiti, nikakigusisha kwenye kichwa cha mashine. Mdomo mzima ukalia ngarangara. Nikasema hizi ni beringi. Nikashusha kichwa, nikang'oa beringi, nikatia mpya. Nikawasha. Jirani akagonga ukuta.

Nikagusisha kwenye giaboksi. Ngarangara ile ile. Nikamwaga mafuta, nikafungua, nikakagua gia moja moja. Hazina pengo, zinanishinda mimi. Nikafunga tena. Nikawasha. Ukuta ukagongwa.

Nikahamia kwenye mota, ngarangara. Mguuni, ngarangara. Mwanangu, kila nilipogusa palilia. Kufungua na kufunga, kuinua na kushusha, mpaka jioni mkono haufiki kichwani kuvua kofia. Nikakaa juu ya ndoo nikamwambia mama yako mkubwa kwamba chuma hiki kimeoza chote, hakuna mahali pazima.

Yeye alikuwa kaja na chai, kasimama dirishani. Akasema, "Mbona mimi nasikia kelele inatoka huku juu, kwenye mkanda?"

Nikamwambia hujui kitu, meno yangu yanasikia kila mahali.

"Meno gani?" akasema. "Hayo ya dukani? Wewe mzee, kelele unaibeba mwenyewe! Hata ukitafuna naisikia nikiwa jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kiko mdomoni."

Ni yale meno ya juu, mwanangu, uliyonipeleka nikatengenezewa ulipokuja mara ya mwisho. Sikulaumu, mazuri, nacheka nayo kama bwana harusi. Lakini yamekaa juu ya fizi kama mfuniko kwenye sufuria inayochemka. Ukiyatikisa kidogo yanapigana na ya chini. Mimi nikadhani ni beringi.

Nilikasirika. Siku nzima sikumsemesha, na yeye hakujali, akaendelea kushona vifungo. Kesho yake alipokwenda kisimani nikayavua, nikayaweka juu ya kitambaa safi kwenye meza ya kazi, nikakibana kijiti kwa fizi. Kwenye mota, kimya. Kwenye gia, kimya. Nikakipandisha juu, kwenye puli, lile gurudumu linalovuta mkanda, na hapo taya likapigwa ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira.

Nikauvua mkanda, nikaiwasha mota peke yake. Haikulia. Basi nikaifungua puli. Kile kikabari cha chuma kinachoifunga puli isicheze kwenye shafti hakikuwamo. Mahali pake mtu alikuwa amegongelea msumari, tena umekwisha kulika. Puli ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Na mimi nimeng'oa beringi nzima kabisa.

Kikabari kipya cha kipimo hicho hakiuzwi hapa, na mashine haiwezi kujichongea dawa yake yenyewe. Nikafunga kipande cha chuma kwenye jiriwa, nikashika tupa. Chuma kigumu kile, na mabega haya. Napiga tupa kidogo, napumzika, napima, bado. Napiga tena. Vijana siku hizi hawana subira hiyo. Lakini nitakwambia wewe tu, kuna asubuhi nilisimama mbele ya ile jiriwa nikaomba kikatae kuingia. Kikatae kabisa. Mama mwenye nyumba aitoe mashine, nami nije kwako bila mtu kusema mzee ameshindwa. Kwamba amefukuzwa, basi, angefanyaje?

Kikaingia. Kikaingia kwa kugongwa mara moja tu, kama kimezaliwa humo.

Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akaja kama alivyoahidi. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema kitu. Mama yako mkubwa akanisogelea sikioni kunipa maneno yake: anauliza mbona hujawasha. Kisu cha mashine kilikuwa kinazunguka mbele ya macho yake! Aliposogea akakiona, akavuta kanga yake nyuma, akaondoka. Yule mama kijana naye hajagonga tena.

Watu wa uchochoro wote wamekuja kunipa mkono. Nimepokea, maana ni haki yangu. Walipoondoka nimekaa juu ya ndoo, nikaiangalia inazunguka. Mimi niliyeinyamazisha sijui ilikuwa inaliaje, na sijui sasa imenyamaza namna gani.

Basi jibu langu ni hili: siji. Mashine imepona, wateja wameanza kuleta vyuma vyao, na fundi haachi kazi siku mashine inapopona. Sina tena kisingizio, na kuja bila kisingizio sijajifunza bado. Lakini kitanda usikitoe, mwanangu. Weka vitu vyako humo chumbani ukitaka, weka hata mabegi, ila kitanda kiache kimetandikwa.

Nisalimie baba yako, mdogo wangu mvivu, mwambie nimemshinda tena. Msalimie mumeo, na wajukuu uwapigepige magotini kidogo kwa niaba yangu. Mama yako mkubwa anakusalimu sana na anasema nimeandika uongo mahali, ila hasemi wapi. Mungu akuweke, akupe wagonjwa wanaopona na miguu isiyovimba.

Akupendaye hata akiwa amechoka,
Baba yako mkubwa,
Mzee Tupa.