Mashine Haisifiwi kwenye Tofali

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukuacha muda wote huu bila hata mstari mmoja. Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya kabati nikisema kesho nitajibu, na kesho ikazaa kesho. Mdogo anaota meno, mkubwa ameanza shule, na mkono wangu wa kulia haukuwa wa kushika kalamu. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na mgongo wako umekuachia ulale. Sisi kwa afya hatujambo sasa. Mengine utayasoma.

Unajua kazi yetu ni kufunga rafu ukutani na reli za ngazi kwenye majengo mapya, na majengo mapya mengi hayana umeme. Kila tuendako tunaburuta jenereta kama ng'ombe mgonjwa. Bosi akachoka. Akaja wakala mmoja wa vifaa, mwenye maneno laini, na drili ya betri, ile yenye nyundo ndani, inayozunguka huku inagonga. Twiga, fundi mrefu ninayefanya naye kazi, akasema mashine imekuja imependeza kuliko yeye siku aliyooa. Bosi akasema yeye hanunui kitu kwa kung'aa. Akanikabidhi mimi niitumie kazini mpaka niijue tabia. Nikisema ndiyo, mafundi wote watapewa; nikisema hapana, wakala abebe sanduku lake. Nilijiona mtu, kaka. Wanaume wote wale, na neno linalosubiriwa ni langu.

Siku ya kwanza tulikuwa kwenye kuta za tofali zenye uwazi ndani. Ilizama kama kisu kwenye papai. Mume wangu, si unajua ndiye mtunza stoo wetu, alituletea skrubu, akanyanyua simu yake akaniuliza kwa utani, enhe fundi, unaionaje. Nikacheka, nikasema ni nyepesi, haichoshi bega, haina malalamiko, hata leo ningeinunua. Kisha nikasema asinisikilize sana, sijaipeleka kwenye zege, na kaka yangu alinifundisha kwamba mashine haisifiwi kwenye tofali. Akacheka na yeye.

Kwenye zege ilinionyesha rangi yake. Betri ilipata moto hadi nikaifunika kwa kitambaa kuitoa. Mdomo unaoshika biti, kile chuma cha kutobolea, ulilegea katikati ya kazi. Hayo ningeyavumilia, ni kasoro za kukuchelewesha tu. Lakini biti ikikuta nondo ndani ya zege, mashine ya kazi hujiachia yenyewe. Hii haikujiachia. Biti ilikwama, mwili wa mashine ukazunguka, na mkono wangu ukaenda nao. Nilikuwa juu ya ngazi ya kuegemeza, si juu sana. Tukashuka wote wawili, mimi nikatangulia. Kifundo cha mkono kilivimba, nikawa namnyonyesha mtoto kwa kumwegemeza kwenye mto. Mkono ulipotulia nikaijaribu tena nikiwa sakafuni, nimekanyaga vizuri, kile kishikio cha pembeni nimekikaza. Ikafanya vilevile. Nikasema basi, hiyo si bahati mbaya, hiyo ni tabia.

Siku ya kupeleka jibu kwa Bosi, mtoto aliamka na homa. Mume wangu akasema nibaki, yeye hupita ofisini kila asubuhi kuchukua funguo za stoo, ataufikisha ujumbe. Nilimwambia huku nampangusa mtoto kwa maji: kwa tofali ndiyo, kwa zege hapana, na juu ya ngazi hapana kabisa. Nikamwomba arudie. Akarudia vizuri, kama mtoto anayekariri shairi.

Niliporudi kazini nikakuta kila fundi ana drili yake. Nikamuuliza mume wangu, akasema Bosi ameamua mwenyewe, wakubwa ni wakubwa. Nikamwamini, nikachukua skrubu zangu. Ukuta nauwekea pimamaji, kaka. Mume sikuwahi kumwekea.

Twiga akatumwa kufunga reli juu kabisa ya ngazi za jengo moja, kwenye nguzo za zege. Ikamzungusha kama ilivyonizungusha mimi, ila yeye alikuwa juu. Mkono umevunjika mahali pawili, na daktari hajasema kama utarudi kushika nyundo. Nilikwenda hospitalini kumwona. Mkewe alinitazama tu, hakunipa kiti. Twiga mwenyewe hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa, dada, kwa nini uliwaambia ni nzuri. Akasema aliipanda ile ngazi kwa sababu alisikia ni mimi niliyeipitisha.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Bosi. Alinisikiliza, kisha akasema nisimgeuke, neno langu amelisikia kwa masikio yake. Akatoa simu, akaniwekea. Sauti ni yangu, kaka. Nacheka. Nasema nyepesi, haichoshi bega, hata leo ningeinunua. Na hapo ikaisha. Ya zege hayamo, yako hayamo. Ilikuwa imetumwa asubuhi ile ya homa.

Aliyeituma ni mume wangu. Ni rafiki yako, uliyemleta nyumbani ukasema huyu ni mtu.

Hakukana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaniambia wakala alimwahidi usimamizi wa duka lake jipya endapo mashine zingepita. Akasema hakudhani mtu ataumia, kila mashine ina kasoro zake, na kwamba alifanya kwa ajili yangu na watoto. Nikamwambia watoto hawakumtuma. Duka lenyewe hajapewa. Wakala hapokei simu zake tena. Sikufurahi kusikia hilo. Nilidhani ningefurahi.

Kesho yake nilimwomba Bosi awakusanye mafundi. Nikawaeleza yote niliyoyaona kwenye ile drili, na sauti ilikatwa wapi, na nani aliikata, naye amesimama mlangoni mwa stoo anatazama viatu vyake. Bosi amezikusanya mashine zote. Zitatoka kwa kazi za tofali tu. Wengine wameniamini. Mmoja alisema pembeni, nikasikia, kwamba mke na mume ni kinywa kimoja. Nitafanya nini? Neno langu limepata ufa, na ufa hauzibwi kwa maneno mengine.

Nyumbani sijamfukuza. Chakula anapata, na mtoto mkubwa anamrukia mabegani kama kawaida. Ila analala sebuleni, na nimemwambia atalala huko mpaka aende kwa Twiga amwambie kwa mdomo wake mwenyewe, na mkewe Twiga awepo. Ameshafika langoni mwa hospitali akarudi. Najua atakupigia ili uniombe. Tafadhali usinibembeleze mimi, mbembeleze aende. Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu karatasi ikikatwa katikati, mkato unaonekana.

Zile reli za Twiga nimeomba nizimalize mimi, ili nafasi yake asipewe mwingine. Nitaburuta jenereta. Msalimie wifi na umwambie mkubwa anamuuliza kila akipiga mswaki, yeye ndiye aliyemfundisha kusukutua kwa kelele. Nawe uwe mzima.

Mimi mdogo wako.

Dereva wa mizigo anayekuletea barua hii anarudi huku wiki ijayo. Mpe hivi tu: drili yako ya zamani ya waya, yenye kishikio kirefu cha pembeni, biti za zege, nyembamba na za kati, nene ninazo, waya wa kurefushia umeme, ule mrefu, ukague kwanza kichwa chake, glavu za mkono mdogo, maana za huku vidole vinaning'inia, na lile godoro jembamba la chumba cha wageni. Kochi letu ni fupi, miguu yake inabaki nje, na sijui itamchukua muda gani.